Jiwe la Getini Usilitupe

Baba Odeta,

Wali uko kwenye hotipoti. ~~Mboga jitafutie mwenyewe.~~ Sato nimemkaanga, mfunike vizuri paka asimfikie.

Naondoka na ile gari ya manyuo, ya gia za mkono. Dalali Taher ameniruhusu niijaribu hadi Usagara kabla hatujampa jibu jioni. Naenda na mama yako. Keshakaa kiti cha mbele anapiga honi, ndiyo maana mwandiko umekaa hivi.

Kilichoniudhi asubuhi si gari kukuzimikia. Mlima wetu huu wa Igogo unamzimishia yeyote. Ni yale maneno uliyomwambia Taher nikiwa nimesimama palepale: "Tutafutie otomatiki, mke wangu klachi itamshinda." Hata mate hayajakauka, gari ikaanza kurudi kinyumenyume na wewe ndani, majirani wanakimbilia jiwe la kuzuilia tairi! Halafu ukaenda kazini bila hata chai. Mke wako alijifunzia kwenye pikapu ya baba yake ya kubebea pamba. Ungeniuliza tu, mume wangu.

Mimi nasema tuchukue hii. Betri ikifa tunaiachia kwenye mteremko inawaka, na hata huko kwenu Sengerema kila fundi anaiweza.

Mvua ikija, anua nguo.

Lile jiwe liko getini. Kesho tukitoka kanisani naanza kukufundisha. Usiwe na wasiwasi, mama yako amesema jiwe atalishika yeye.

Mama Odeta