Soda za Wageni kwenye Friji ya Chanjo

Jumatatu, 6 Juni 1994

Kliniki ilijaa! Watoto walilia kwa zamu, mmoja akinyamaza mwingine anaanza. Adhiambo wa ploti ya nyuma alimleta Austine, wiki sita, kwa sindano yake ya kwanza. Kifaduro kimeingia kwao — mtoto wa jirani anakohoa mpaka midomo inageuka rangi. Nilimwambia Adhiambo asiwe na wasiwasi, amewahi. Aliniachia sukuma wiki. Siku kama hizi naipenda kazi yangu.

Jumanne, 7 Juni

Mume wangu na kwaya yake! Wabwire bado anaringa kwa sababu wageni wa kanisa kutoka Busia walisifu kila kitu Jumapili, hata soda. Leo tukila ugali akanipa siri. Jumamosi jioni alizitia kwenye friji ya kliniki — jengo ni moja na kanisa, na funguo anazo. Akazungusha kile kidude cha baridi mpaka mwisho. Chupa moja ikapasuka kwa barafu! Akacheka. Jumapili baada ya ibada akakirudisha penye alama yangu. Ati baridi ikizidi si ndiyo afadhali kwa dawa zenu?

Chakula kilinishinda.

Jumatano, 8 Juni

Nimetikisa chupa zilizobaki za chanjo ya kifaduro, nikaziweka mezani. Chanjo nzima hubaki nyeupe kama maji ya mchele. Hizi zilijitenga upesi — chenga chini, maji juu. Ziliganda. Ikishaganda, hii haifai tena hata ikiyeyuka. Na ndiyo niliyowadunga! Kipimajoto Jumatatu kilisoma sawa, nikakiamini.

Bwana Matheka, msimamizi wetu, hakuzunguka: tupa zote, watoto wa Jumatatu warudiwe. Kurudia hakutawadhuru.

Wabwire anataka niseme stima zilipotea, zikarudi na kuvuruga friji. Nani atauliza, na stima hupotea kila wiki? Mwezi ujao anafanywa mzee wa kanisa. Nampenda, lakini leo nimemkasirikia kweli.

Ijumaa, 10 Juni

Ploti kwa ploti, kwa miguu. Wengi walinielewa. Adhiambo, hapana.

"Sista, kwani ulimdunga mtoi wangu maji?"

Nikamweleza friji ilizidi baridi. Akauliza nani aliiguza. Nikanyamaza. Nyuma ya ukuta yule mtoto wa jirani akakohoa, akakohoa, kisha akavuta pumzi kwa mlio. Austine amelala tu, hana habari. Adhiambo akasema ataona.

Nimejichukia kwa kule kunyamaza.

Jumatatu, 13 Juni

Chanjo mpya imefika. Naandika sindano zikichemka. Wabwire yuko humu, anafunga kufuli kwenye friji. Amejileta mwenyewe. Hatujasemezana tangu jana, tulipogombana juu ya stima.

Adhiambo amekuja! Lakini amesimama mlangoni, Austine mgongoni. Ameuliza tena, mbele ya akina mama wote: "Sista, nani aliguza friji?"

Benchi zima limenigeukia. Wananitazama. Stima — neno lilikuwa mdomoni mwangu, aibu gani!

Wabwire ameweka bisibisi chini. Amesimama.

"Mama Austine, ni mimi. Niliweka soda."

Adhiambo anamtazama tu. Maji yamechemka vya kutosha, niko tayari. Ameshika fundo la leso iliyombeba Austine, bado hajalifungua —