Ukuta Mtupu wa Chumba Namba Mbili

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: limo kwenye jalada, wanafunzi humwita Mwalimu Macho Manne
Umri: miaka 63
Kazi: mwalimu mstaafu, msimamizi wa mitihani
Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya hospitali, karibu na tangi la maji
Yameanza kuandikwa: tarehe 12 mwezi wa sita, saa 11:05 jioni

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Naomba yawekwe juu ya yale niliyotoa asubuhi, kwa sababu ya asubuhi niliyatoa nikiwa na hakika kabisa, na nilikuwa nimekosea.

Nimesimamia mitihani kwa miaka thelathini na moja. Jina la Macho Manne sikupewa kwa ajili ya miwani tu. Kila mtihani huwa naanza kwa kuwaambia watahiniwa, "Macho hayana pazia," kisha nawapa kanuni yangu: anayetazama juu anakumbuka, anayetazama pembeni anaiba. Kanuni hiyo sikuisoma popote. Niliitunga mwenyewe, nikaiamini mwenyewe, na nikaitumia kwa watoto wa watu.

Mnamo tarehe 12, saa 2:30 asubuhi, nilifika Chumba Namba Mbili cha chuo cha uuguzi. Ukutani palikuwa na mchoro mkubwa wa mwili wa binadamu. Sheria ya mtihani inakataza, kwa hiyo niliutoa kwenye misumari yake, nikaukunja bila kuutazama na kuuweka juu ya kabati la stoo. Pakabaki mraba mweupe kwenye rangi iliyochakaa. Upande mmoja wa mraba huo kuna mlango, upande wa pili kuna dirisha.

Mtihani ulianza saa 3:00. Dawati la kumi na moja alikaa mama wa miaka arobaini na tatu, mfagiaji wa wodi ya wazazi kwa miaka kumi na minne, ambaye wenzake wanamwita Mama Ndoo. Miaka miwili amesoma masomo ya jioni katika chumba hichohicho, baada ya zamu. Akifaulu, anavaa sare ya uuguzi. Akipatikana na udanganyifu, harudii tena mtihani huo maisha yake yote, na kazi ya ufagiaji nayo ameikosa. Hayo yote nilikuwa nayajua.

Saa 3:25 niliona macho yake yakihama kwenye karatasi na kwenda pembeni, upande wa dirisha. Akaandika. Yakaenda tena, akaandika. Saa 3:40 nilichungulia nje nikamwona fundi wa mabati amesimama chini ya dirisha, ameinua mkono na kuonyesha vidole vinne. Mama huyo alikuwa kwenye swali la vyumba vya moyo. Moyo una vyumba vinne. Nilifurahi, sitaficha. Nilifurahi kama mtu aliyenasa panya aliyemsumbua mwezi mzima.

Nilimwendea nikamuuliza, "Unatazama nini?"

Akasema, "Naangalia moyo, mwalimu."

Pale palikuwa na ukuta mtupu. Niliona ananidharau. Nilimnyang'anya karatasi, nikamtoa nje, nikampigia simu polisi. Fundi naye nilimshika ukosi. Alisema, "Mzee wangu, mimi hata shule niliikimbia! Namwambia mwenzangu huko juu alete misumari minne." Mwenzake alikuwa juu ya paa kweli, lakini mimi nilishamaliza kuhukumu.

Saa 4:25 alifika sajini anayeandika maelezo haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamsikiliza mama yule, ambaye alikuwa amekaa kwenye ngazi na mikono mapajani, bila kulia. Sajini alisema tusubiri chumba kiwe tupu.

Saa 6:15 mchana alimkalisha mama dawati la kumi na moja. Dirishani alitundika shuka la hospitali, nje hakuonekana hata nzi. Akanipa kalamu na karatasi. "Mwalimu, si wewe ndiye bingwa wa macho? Kaa mbele uandike yanakokwenda. Usiandike unachofikiri."

Alimuuliza habari za mapafu. Nikaandika: katikati ya mraba, juu. Ini: chini kidogo. Mama alikuwa anajibu sawasawa, pole pole, na macho yanatembea kwenye ule mraba kana kwamba kuna mtu anamwonyesha kwa fimbo. Hapo bado nilijiambia ni mazoea tu. Kila mtu anajua mapafu yako juu ya ini.

Kisha akamuuliza figo. Figo ziko kiunoni, na mimi niliyatarajia macho yashuke. Yalipanda. Yalikwenda pembe ya juu kabisa, upande wa mlango, mbali na dirisha, na yakatulia huko mpaka jibu lilipokwisha. Nikaandika.

Sajini akaniambia nikalete mchoro. Niliutundika kwa mikono yangu kwenye misumari ileile. Kwenye pembe ya juu, upande wa mlango, mchoraji alikuwa amechora figo moja peke yake, kubwa kama papai, ili wanafunzi waone ndani yake. Sikuwahi kuiona. Nikakaa kwenye dawati la mtahiniwa.

Mama Ndoo alisema, "Mwalimu, mimi nikitaka kukumbuka kitu naenda kilipokuwa." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Sajini alipiga simu kwa wakuu wa mitihani, wakakubali mama arudishiwe saa mbili na dakika ishirini nilizomnyima. Aliandika kuanzia saa 8:00 mpaka saa 10:20. Nilimsimamia mimi, kwa ombi lake. Mchoro nilikuwa nimeutoa tena, na yeye alitazama ukuta kadiri alivyotaka. Alipomaliza alinikabidhi karatasi kwa mikono miwili, akasema, "Asante kwa kunisubiri." Fundi nimemwomba radhi, akacheka na kuniambia sasa najua bei ya misumari minne.

Najua polisi si mahali pa shukrani, lakini naomba iandikwe. Namshukuru Mungu kwamba nimeumbuka mchana huohuo, kabla sijaenda kulala nikijisifu. Namshukuru mama yule kwa kunikubalia nikae mbele yake tena. Namshukuru sajini aliyenipa kalamu badala ya kunitukana. Usilolijua ni kama usiku wa kiza, na leo nimewashiwa taa na watu niliowakosea.

Sajini ameniuliza nimewakamata wangapi kwa macho tangu nianze. Nimejibu, kumi na tisa. Ameniuliza wangapi walikuwa wanatazama ukuta. Nimeomba maji.

Niliyoyasema nimesomewa, nimeyakubali, ni yangu.

Sahihi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa: Yamekamilika saa 12:10 jioni. Baada ya kunywa maji, shahidi aliutazama ukuta ulio nyuma yangu kwa muda mrefu, ukuta ambao hauna kitu. Kisha alitaja jina la kijana mmoja, mtihani wa jiografia, miaka ishirini na miwili iliyopita, dawati la pili kutoka mlangoni. Alisema ramani iliyokuwa ukutani mwa chumba kile aliitoa yeye kabla ya mtihani. Ameomba asaidiwe kumtafuta. Jina nimeliandika.