Kipande cha Bomba Nilichokifunika

Jumatatu, 4 Machi

Mgongo unaniuma, nimechoka, na bado siwezi kukaa. Nimeinuka mezani mara tatu kwenda kuangalia koki ambayo haina shida yoyote.

Leo nilikuwa kwa mshona viatu, mtaa wa nyuma ya soko. Nyumba yake! Chumba cha mbele kimejengwa juzi, cha kati enzi za baba yake, cha nyuma hata yeye hajui nani alikijenga. Na bomba nazo hivyo hivyo: plastiki mbele, chuma katikati, nyuma Mungu ndiye ajuaye. Mitaa hii ya zamani haina nyumba yenye umri mmoja. Ndiyo maana sisi mafundi wa huku tuna kanuni yetu: gusa palipovuja tu, kwingine kuache kulale. Ukigusa moja umegusa zote, na kazi ya saa moja itakula wiki.

Basi nikaanza kugonga kwa spana, kama kawaida. Chuma kikalia. Plastiki ikaitikia kizito. Nikafika chumba cha nyuma — kimya. Nikakwaruza kwa kisu: laini, na ndani inang'aa kama fedha. Risasi! Yale madini waliyotengenezea bomba zamani, kabla hawajajua ni sumu. Nikamwambia mshona viatu asinywe tena maji yanayopita pale. Akacheka mpaka akakohoa. Eti babu yake aliyanywa maisha yake yote, akafa na miaka tisini, tena kwa kuanguka ngazini! Sikio la kufa halisikii dawa. Nikampigia simu bwana afya.

Bwana afya ni mtu wa maneno machache. Alisema wazee si hoja sana, balaa ni kwa wajawazito na watoto wachanga. Sumu inaingia kidogo kidogo. Mtoto hakohoi, haharishi, anacheka kama kawaida. Kinacholiwa ni akili, mnakuja kujua akishaanza shule. Nikauliza: na wakichemsha maji? Akasema haisaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, risasi inabaki pale pale.

Nikasema ahsante. Nikakusanya vifaa. Nimefika nyumbani bila kujua nimepita njia gani.

Jumanne, 5 Machi

Sijalala. Hebu niandike, daftari halina mdomo.

Miaka kumi na moja iliyopita. Kazi yangu ya kwanza peke yangu — nyumba ya mama. Kung'oa bomba zote za zamani, kuweka plastiki. Mwalimu wangu, huyu mzee tunayemwita Kobe kwa mwendo wake, alikataa makusudi kuja. Nenda, akasema, kama mwanamke haiwezi kazi hii tutajua leo. Akanipa neno moja tu: ukikuta risasi, toa yote, hata kama ni shubiri moja.

Niliikuta. Jikoni, kipande cha hatua mbili hivi, kutoka chini ya sinki mpaka chini ya kizingiti cha mlango wa nyuma. Juu yake marumaru. Mama alikuwa ameziweka wiki ile ile, zenye maua ya bluu, alizozitamani tangu baba yuko hai. Na wageni walikuwa wanakuja kesho yake. Na wajomba walikuwa wamekaa kibarazani wakinisubiri nishindwe, ili waseme si tulisema.

Nikaunganisha plastiki yangu kwenye ile risasi. Nikafunika kwa saruji. Nikatoka nje, nikapangusa mikono, nikasema: zote mpya!

Mama alinikumbatia mbele ya wajomba wote. Tangu siku ile mimi ni fundi.

Na sasa mdogo wangu yuko pale. Kitindamimba wetu, niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe. Alirudi kwa mama akiwa na mimba ya miezi mitano, mumewe anafanya kazi mbali. Mtoto sasa ana miezi saba. Maziwa ya mama yake hayakutosha, anapewa ya kopo. Ya kopo hukorogwa kwa maji. Maji ya wapi? Ya sinki lile.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda. Maneno nilikuwa nimeyapanga yote, njiani nikawa nayasema kwa sauti mpaka watu wananipisha. Nikaingia — mama ana jirani mpya, anamtembeza jikoni. Huyu ndiye binti yangu niliyekwambia! Bomba zote humu kaweka yeye. Wanaume walimcheka, leo hao hao wanampigia simu! Jirani akanitazama kama mtu aliyeona waziri. Nami nikacheka. Nikacheka, jamani!

Mdogo wangu akatoka na chupa. Mtoto alipoiona tu, miguu ikaanza kupiga hewa. Ana mashavu yale! Nikamwambia mama yake maji ya wiki hii hayafai, wanasafisha bomba kuu, nimewaletea madumu mawili ya maji mazuri. Uongo ulitoka bila kujikwaa. Akanitazama kwa huruma, eti mimi ndiye ninayejitesa. Akasema, "Dada, tulia. Nayachemsha dakika kumi nzima. Sina mchezo na huyu."

Dakika kumi nzima. Natamani ardhi ipasuke.

Alhamisi, 7 Machi

Kazi tatu, zote nimevuruga. Kwa mwalimu mstaafu nimefunga koki kinyume, maji ya moto yanatoka kwenye ya baridi. Akauliza kama naumwa. Nimesema jino.

Jioni nimepitia kwa mama. Madumu yangu hayajafunguliwa! Mama kayasukuma nyuma ya mlango, anayaweka kwa siku maji yatakapokatika. Maji ya bomba si yapo, anasema, tena bomba zenyewe zako. Chupa ya mtoto ilikuwa mezani, bado ina povu la maziwa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimejaribu ujanja. Nimemwambia mama nahisi kuna uvujaji chini ya kizingiti, nifungue marumaru chache tu, nizirudishe kesho. Nitabadilisha kipande, hakuna atakayejua, mtoto atakunywa maji safi na mimi nitabaki na jina langu. Nilijiona mjanja kweli.

Mama akavua kandambili. Akakanyaga kila marumaru kwa mguu mtupu, moja moja. Akapiga magoti akapapasa. Unyevu uko wapi, fundi? Akaanza utani: kama panavuja basi amtafute aliyeweka, amshike shati. Mdogo wangu akacheka mpaka mtoto naye akacheka.

Kisha mama, peke yake kati yetu, akaacha kucheka. Akanitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akasema kwa sauti ya chini niache kizingiti chake.

Nimeondoka na nyundo yangu mfukoni kama mwizi aliyekuta mlango umefungwa.

Jumamosi, 9 Machi

Kwa Kobe. Amezeeka, lakini ulimi bado una makali. Nilimkuta kaweka bomba la mtu mapajani anasugua uzi wake, ile mikato ya mdomoni ya kukazia. Nikamweleza yote, bila kupamba.

Hakushangaa hata kidogo. Alisema kila fundi wa mitaa hii ana kipande alichokifunika. Yeye anavyo viwili anavyovikumbuka. Nyumba za watu wa enzi tano, akasema, utatoa kila kitu? Ungebomoa mji mzima, mwanangu.

Nilipata ahueni. Dakika mbili hivi. Kisha nikamuuliza: kwenye hizo nyumba zako mbili, kuna mtoto? Akaacha kusugua. Badala yake akaniambia jambo baya zaidi, na akaliambia lile bomba lililo mapajani, si mimi. Risasi ikilala miaka mingi hujifunga utando ndani, sumu haitoki sana. Lakini ukiikata, ukaichokoa, ukaiunganisha na kitu kipya, utando unabanduka. Nusu iliyobaki inatema kuliko kama ungeiacha yote.

Yaani ningeshindwa siku ile, wajomba wakanicheka, wangekunywa maji salama kuliko haya!

Nilimkasirikia Kobe njia nzima. Kumkasirikia mtu mwingine kwa kosa lako ni raha, nimeionja mpaka mlangoni kwangu. Kisha ikaisha, nikabaki mimi.

Nimempigia bwana afya. Atakuja kesho kutwa asubuhi, atatupeleka mwenyewe mtoto akapimwe damu. Akauliza kama familia inajua. Nimesema ndiyo. Kwa hiyo kesho lazima wajue.

Jumapili, 10 Machi

Naandika nikiwa uani kwa mama, nimekaa juu ya mfuko wa vifaa. Ni saa tisa mchana.

Nilifika kabla ya chakula. Sikusalimia. Ningesalimia ningekaribishwa, ningekaribishwa ningekaa, ningekaa ningenyamaza tena — najijua! Nikafunga koki kuu ya mstari kule uchochoroni, nikapiga magoti jikoni, nikaweka tindo kwenye ua la kwanza la bluu, nikapiga.

Mama alikuja mbio. Umepagawa? Umepagawa wewe? Nikapiga la pili. Akanishika bega, nikapiga la tatu. Saruji yangu ikapasuka, ile ile niliyoikoroga mimi, na chini yake lile bomba, kijivu, nene, limejilaza.

Nikasema bila kuinua kichwa. Nilisema, "Mama, si zote mpya. Hii ni risasi, ina sumu, inaingia kwenye maji. Niliiona siku ile. Nikaifunika."

Nikangoja kofi, nilikuwa nalitaka. Kisha akasema, "Nilikuona."

Alikuwa dirishani. Aliniona nikikoroga saruji huku nikitazama nyuma nyuma, akaona bomba kuukuu bado liko. Akadhani nimeshindwa kulitoa. Akasema moyoni, mwanangu hataaibika mbele ya kaka zangu, akaenda kuwakalisha kibarazani wasiingie jikoni. Alidhani ni ukuukuu tu. Akasema, "Hata mimi ni kuukuu na nafanya kazi. Sikujua ni sumu. Wewe ulijua?"

Nilijua. Nimemwambia nilijua.

Akakaa chini, palepale kwenye vumbi, na gauni lake zuri.

Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa mlangoni na mtoto begani. Sijui alikuwepo tangu lini. Akasema, taratibu, kama anayemfafanulia mtu mgumu wa kuelewa, kwamba yeye anachemsha. Si anachemsha? Nikamwambia kuchemsha hakusaidii. Akauliza, na alipokuwa tumboni? Nikasema, na tumboni. Akauliza nimejua lini kwamba wao wanaumia. Ningeweza kusema leo. Nikasema Jumatatu.

Akahesabu kwa vidole mgongoni mwa mtoto. Niliviona vikienda. Jumatatu, Jumanne, mpaka leo, na kila siku chupa tano.

Angelia ingekuwa afadhali. Angenitukana! Alimfunga mtoto mgongoni, akakaza kanga mara mbili, akaja akachukua nyundo mkononi mwangu. Akauliza linaishia wapi. Nikamwambia pale kizingitini, hatua mbili tu, nje ni chuma. Akasema, "Uliangalia?"

Sikuangalia. Miaka kumi na moja nimesema hatua mbili, hata kwenye daftari hili nimeandika hatua mbili, na sikuwahi kuchimba nje nikaona. Nilidhani tu.

Amemaliza kuvunja marumaru zote za jikoni. Mama anazoa vipande kwa beseni, haokoi hata kimoja kizima. Kizingiti kimeng'olewa. Sasa yuko nje, ameshika sururu, na bomba liko chini vilevile, linakwenda kijivu kuelekea uchochoroni, kwenye bomba linalopeleka maji nyumba zote za mstari huu. Mtoto amelala huko mgongoni, kichwa kinacheza kila sururu inaposhuka. Niliomba nimpokee. Akasema hapana. Niliomba nichimbe mimi. Akasema hapana. Akasema kazi yangu ni moja tu, kuangalia na kusema kweli.

Kila baada ya muda anasimama, ananipisha, hanitazami. Nashuka kwenye mtaro na kisu, nakwaruza.

"Bado?" anauliza.

"Bado."

Narudi kukaa. Anachimba. Majirani wawili wametoka na ndoo zao, wanauliza maji yamekatika hadi saa ngapi, na mama amesimama na beseni mkononi, ananitazama mimi nijibu.