Sauti ya Dada Mwishoni mwa Wimbo

Jumatatu, 3 Machi

Bendi imekufa rasmi. Mpiga ngoma kapata kazi ya kudumu, mpiga besi kaoa. Nimebaki mimi na gitaa. Sawa — nitapiga vyote mwenyewe! Shemeji, mume wa dada, kanipa stoo yake iliyopakana na jiko niifanye studio. Yeye ni fundi makochi, kaleta mabaki ya sponji tukayabandika ukutani tangu asubuhi. Ananiita Kelele. Eti nikishakuwa maarufu nisije nikasema stoo ilikuwa ya mtu mwingine.

Alhamisi, 13 Machi

Ngoma zangu: sanduku la nguo na sufuria kubwa ya dada. Kaitafuta asubuhi nzima, tumekula saa tisa. Kanisema, kisha akacheka kidogo. Siku hizi hacheki sana. Nimeliona hilo. Sikuuliza.

Jumapili, 16 Machi

Leo wimbo umekubali! Gitaa la mwisho lilipokuwa linafifia niliiacha maiki wazi, nisiguse kitu. Kuja kusikiliza — kuna sauti nyuma. Dada, jikoni, anaongea na mama kwenye simu. Anasema mimba imetoka, wiki ya pili sasa. Mumewe hakujua hata kama ilikuwepo. Miaka saba anangoja mtoto, atamwambiaje? Kisha pumzi ndefu. "Nimechoka, mama."

Nilivua hedifoni. Ilikuwa nifute. Ilikuwa niende jikoni nikamshike mkono.

Nimerudia kusikiliza mara sita. Mungu anisamehe, sijawahi kurekodi kitu kizuri kama hiki.

Jumatano, 19 Machi

Nimeizamisha sauti kwenye mwangwi. Maneno hayasikiki, ni kama upepo tu. Hayasikiki kabisa. Nimeutuma kwa mtangazaji wa kipindi cha mchana, yule pekee anayepiga roki.

Hayasikiki.

Jumamosi, 5 Aprili

Wameupiga redioni! Saa nane mchana! Mtangazaji kasema mwisho wake umemsisimua mwili, akauliza huyo mwanamke ni nani. Shemeji karuka ruka sebuleni kama kashinda bahati nasibu, kawapigia ndugu wote: "Huyo mpiga gitaa ni shemeji yangu! Yumo humu humu ndani!"

Dada alikuwa anakata vitunguu. Kaweka kisu chini taratibu, kaenda uani kuanua nguo ambazo hata hazijakauka. Nikamfuata.

"Ulinisikia siku ile?"

Nikasema ndiyo.

"Yote?"

Yote.

Akalikunja shati la mumewe, bichi vile vile. "Basi ungekuja kunijulia hali, mdogo wangu. Hilo tu."



Jumapili, 6 Aprili

Nimemwomba radhi. Kaitikia, "Haya," kama mtu anayemfungia mchuuzi mlango. Nimempigia mtangazaji asiupige tena. Kacheka sana — mwanamuziki gani anakimbia redio? Akataka sababu. Sababu yenyewe siwezi kumwambia. Kasema Jumamosi ataupiga mara mbili.

Nilikuwa nautaka huu wimbo unifungulie milango. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Jumanne, 8 Aprili

Shemeji kaja stooni mchana na kiti chake. Redio ya karakana inakoroma, anataka kuusikia vizuri. Nikamwambia kompyuta mbovu. Taa inawaka, anaiona.

"Kelele, usinibanie bwana."

Nikamvisha hedifoni. Mwanzo wote anatikisa kichwa, anapiga mapaja. Mwishoni akatulia.

"Hiyo sauti naijua."

Akasema rudisha nyuma. Nikarudisha. Akafumba macho. Akauliza, huu mwangwi hauwezi kuondoka? Unaweza. Ni kitufe kimoja tu. Nikasema naenda kunywa maji mara moja.

Naandika hapa jikoni, mwandiko wenyewe haueleweki. Dada alikuwa anamenya viazi, nimemweleza. Nilidhani atanitukana. Nikasema nitakwenda mimi, nitasema ni sauti ya jirani, nitasema lolote! Kafuta mikono kwenye kanga.

"Wewe kaa. Umeshanisemea ya kutosha. Hili nitamwambia mwenyewe."

Kapita. Mlango wa stoo uko wazi, nawaona. Hedifoni bado ziko masikioni mwa shemeji. Kamwona mkewe, anatabasamu, anasogea ampishe nusu ya kiti—