Ukuta wa Mtani Wako

Masanja, mume wangu,

Usiucheke mwandiko wangu. Nimejifunza kwenye darasa la kisomo pale shule ya msingi, na mwalimu ametuambia kila mmoja amwandikie mtu wake. Wenzangu wamewaandikia watoto wao walioko Tanga na Dar es Salaam. Mimi sina mtoto, nina wewe. Niliandika jina lako juu ya karatasi, nikabaki nalitazama mpaka wenzangu wote wakaondoka.

Mguu umeunga, lakini vibaya. Nikitoka kuteka maji natembea upande upande na ndoo inafika nusu. Daktari alisema nishukuru Mungu, maana ukuta ulioniangukia mimi mguuni ndio huohuo uliokuangukia wewe kifuani. Nashukuru. Ila nikisonga ugali bado napima unga wa watu wawili, halafu nakumbuka, naurudisha.

Unakumbuka tulivyotoka kwenye kambi ya mkonge tukaja kupanga hapa Korogwe kwa Mzee Mhina? Ulipojua mwenye nyumba ni Mzigua ulifurahi sana. "Tumefika kwa mtani," uliniambia, "hapa hatutakuwa wageni." Na kweli hatukuwa wageni. Alikuwa anaingia kwetu bila hodi, anafunua chungu, anachagua nyama, anasema Wanyamwezi wamebeba mizigo ya watu mpaka wamesahau njia ya kwao. Nawe ulimkamata jogoo wake mchana kweupe, tukamla, naye akaja kuomba mchuzi. Tabora ni mbali. Utani ule ndio uliokuwa ukoo wetu huku.

Kisha ukuta wa upande wa mvua ukatoka tumbo. Mchwa walikuwa wameshakula nguzo, ukigonga unasikia utupu. Ukamwambia Mhina kama mtu anavyomwambia mtani wake: "Mhina, mkonge umeshindwa kuniua, naona umeuachia kazi ukuta wako." Akajibu kwamba ukuta una mimba, tungoje ujifungue. Mkacheka mmeshikana mabega. Nikakusukuma uende kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akamwita Mhina, Mhina akasema Mnyamwezi huyu anataka nimjengee ikulu, na balozi naye akacheka, akasema hayo mtamalizana wenyewe. Nilikusihi ukaseme ukiwa umenuna. Ukaniambia mtani hanuniwi, watu watakuonaje.

Nina hasira na wewe kwa hilo, Masanja. Niliogopa kuliandika. Basi, nimeliandika.

Siku ile ya masika ulikuwa umeinama unakaza kamba za kitanda, mimi nimekaa mlangoni nachekecha unga. Nilisikia udongo ukiporomoka tu. Sauti yako sikuisikia kabisa.

Sikukuzika. Nilikuwa hospitali. Walinileta siku ya kuondoa matanga, nimefungwa plasta, wakanilaza kwenye mkeka mbele ya chumba cha Mama Asha, mpangaji mwenzetu wa ukuta wa pili. Mhina akaja, maana mtani hawezi kukosa, ndiye wa kumwigiza marehemu wafiwa wacheke. Alivaa kofia yako, akashika panga lako la mkonge, akaanza kutembea unavyotembea wewe, ule mguu wa kushoto ukichelewa kidogo, akijikuna shingo. Unajua anavyokuiga. Watu walianza kucheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, maana ulikuwa umerudi. Akajishika kiuno, akaitoa sauti yako yenyewe: "Mhina, mkonge umeshindwa kuniua, naona umeuachia..."

Hakuimaliza. Hakuna aliyecheka. Alivua kofia, akaiweka kwenye mkeka wangu, akaondoka ameinamisha kichwa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alipokusikia.

Baada ya hapo aliujenga upya ukuta wetu kwa matofali ya kuchoma. Lakini siku hizi anapiga hodi. Ananiita mama, anakaa mbali, anauliza hali ya mguu, anaaga. Hakuna anayefunua chungu changu. Sikujua kwamba kuna upweke wa namna hii, wa kuheshimiwa na kila mtu.

Ndugu zako kule Tabora wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, wanasema niende, nitapewa shamba. Sijawajibu. Upande wa Mama Asha nguzo ni zilezile za zamani, na watoto wake wanalala wameuegemea ukuta. Nikimkumbusha Mhina, anasema baada ya mavuno.

Juzi alikuja, na hakupiga hodi. Alisimama mlangoni, akautazama mguu wangu, akakitazama chungu, akasema Mnyamwezi hata akivunjika mguu hakosi mboga. Kisha akangoja nicheke. Masanja, kicheko kilinifika hapa kooni. Nilikitamani kuliko kitu chochote tangu ufe. Nikakimeza. Nikamwambia: "Mzee Mhina, ukuta wa Mama Asha umetoka tumbo. Sikutanii." Akageuka, akaondoka. Usiku ule nililia kwa sababu ya chungu ambacho hakikufunuliwa.

Leo asubuhi nimemsikia upande wa pili anagonga nguzo moja moja. Sijui kama atajenga. Sitaki kujidanganya.

Lala salama, mume wangu. Ninakuahidi hili: sitoki hapa na sitacheka naye mpaka ukuta ule usimame. Siku ukisimama, nitapima unga wa watu wawili kwa makusudi, nitausonga, nitauacha mlango wazi, nimngoje aingie bila hodi.

Mkeo,
Nyamizi