Alama za Chuo, Senge

Mpendwa Senge,

Wewe ndiwe dada pekee wa baba, na ndiwe uliyemlainisha aniruhusu kusomea matangazo ya biashara. Yeye alitaka niwe mwalimu. "Ati kuna chuo cha kusifu sabuni?" aliuliza. Ukamjibu, "Si hiyo pia ni kazi? Mwache aende."

Likizo ndefu ya kwanza, miaka ya themanini ikielekea kuisha, nilikuja kwako Kitale na kazi ya chuo: kutangaza biashara halisi na kuandika matokeo. Nilichagua bustani yako ya miche ya avokado. Uliporudi kutoka kanisani ulikuta bango kando ya barabara: MICHE ISIYOKUFA.

"Kila kitu hufa," ulisema.

Nikakueleza kwamba ndivyo tunavyofundishwa, maneno machache yenye nguvu. Ukaniachia.

Watu walikuja hata kutoka Tongaren. Baada ya mwezi akaja mama mmoja wa Naitiri na mche mkavu mkononi. Alikuwa amepanda thelathini jua likiwaka, kwa kuamini bango. "Nilisoma haifi," alisema.

Hukubishana naye. Kesho yake tulimpelekea mingine thelathini. Nilidhani utamweleza wewe, lakini tulipofika uani ulinisukuma mbele. "Sema. Ni wewe uliandika."

Nilisema huku nikitazama chini. Yule mama akaniuliza, "Na wewe, umewahi kupanda mti?" Sikuwa nimewahi. Tulishinda kwake tukichimba mashimo na kuwekea miche kivuli cha majani, viganja vyangu vikatoka malengelenge. Njia nzima ya kurudi sikukusemesha. Niliona umeniaibisha.

Hata hivyo bango nililing'oa mwenyewe. Wiki hiyo ulinitajia maneno nami nikaandika: shimo liwe la kina gani, usipande kabla mvua haijakolea, mbuzi wasikaribie. Kila mteja akapewa karatasi yake, na nakala moja nikaipeleka chuoni.

Karatasi hiyo ndiyo iliyonipa kazi Bungoma. Chama cha wakulima kilitafuta mtu wa kuandika mambo yanayoeleweka shambani, na miaka ya tisini yote niliishi Kanduyi nikifanya hilo. Ningali nakusikia ninapofuta neno. Nakukosa zaidi siku ambazo kazi imekwenda vizuri.

Lakini kuna jambo hukulijua hadi ukafa. Uliponiuliza alama za chuo, nilisema nimeongoza darasa. Ukachinja jogoo, ukaita majirani, na firigisi, ambayo kwetu ni ya mwanamume mwenye boma, ukaniwekea mimi, mbele ya baba.

Nilikuwa nimefeli, Senge. Mwalimu aliandika juu ya karatasi yetu kwamba hayo si matangazo, ni maagizo. Nilijua hivyo nikiwa mezani pako, na firigisi nikaila yote.

Pumzika sasa, nimekwisha kusema.

Mimi,
mtoto wa kaka yako