Siku Nesi Debora Alipokuja na Mzani

Kizwite,
Sumbawanga.
9 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Alfonsi,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Mtwara na joto lenu? Huku baridi inatukata masikio, na upepo haujali koti. Mama ni mzima, miguu tu inamsumbua. Shikamoo yako nimeshamfikishia hata kabla hujaituma. Ulezi tumevuna, mahindi bado tunapukuchua. Mwanao ana afya, analia kama amenyang'anywa kiwanja.

Kwa simu nilikwambia Monika amelazwa, basi. Nilishindwa kuendelea kwa sababu Mama alikuwa pembeni. Sasa soma taratibu, ukiwa umekaa.

Tangu ajifungue, mkeo alikuwa halali. Tukadhani ni uchovu wa uzazi. Akaanza kusema mtoto kabadilishwa, kisha kwamba sisi tunataka kumchukua. Jumanne ya wiki iliyopita asubuhi akajifungia naye chumbani, akasukumia kitanda mlangoni. Baba mdogo Vitus, unamjua kwa papara, akaja na vijana na kamba ya ng'ombe: mlango uvunjwe, mtoto anyang'anywe, mama yake afungwe. Majirani wakajaa uani kama kuna mnada. Niliogopa, mdogo wangu, nisikudanganye.

Nikampigia Nesi Debora wa zahanati, yule Msukuma anayekivuruga Kifipa chetu mpaka watoto wanamcheka. Alikuja na pikipiki, mzani wa kliniki begani. Neno lake la kwanza lilikuwa kwa baba mdogo: "Shikamoo baba. Naomba hiyo kamba uirudishe kwa ng'ombe." Kisha akawatoa watu wote uani, akanibakiza mimi.

Akakaa chini nje ya mlango, kwenye sakafu ile ya baridi. Hakugonga wala hakufoka. Alisema, "Mama mtoto, ni Debora. Nimekuja kupima uzito. Mtoto utamweka mwenyewe, mimi simgusi." Halafu akasubiri. Mimi nikataka kusema chochote, akanizuia kwa mkono.

Tukasikia kitanda kinaburuzwa. Nesi akautundika mzani kwenye boriti ya baraza, akarudi nyuma. Monika akatoka, nywele timtimu, akamvisha mwanao ile kaptula ya kupimia, akamtundika mwenyewe, akasimama kuutazama mshale kama mama yeyote siku ya kliniki. Nililia.

Ndipo nesi akamuuliza wazi kama anafikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto. Nilitamani kumziba mdomo. Monika akasema ndiyo, anasikia sauti zinamwambia waondoke wote wawili duniani, na amechoka kushindana nazo. Nesi akamjibu, "Asante kwa kuniambia. Huo ni ugonjwa, na unatibika. Twende wote." Gari alishaliita. Njiani mtoto nilimpakata mimi, mbele ya macho ya mama yake, na hakuna aliyemshika Monika ila nesi, kwa kiganja.

Sasa wodini anapata dawa, analala, anakula. Mtoto tunampelekea kila siku, wauguzi wakiwa karibu. Nesi Debora naye hupita kumwona. Mimi amenikalisha kitako, akanieleza dalili za kuangalia akirudi nyumbani, na kwamba dawa asiziache hata akijiona amepona.

Lakini baba mdogo ameitisha kikao. Anataka Monika akiruhusiwa arudishwe kwao Muze, mtoto abaki kwetu, eti ukoo hauwezi kukaa na kichaa. Mama hampingi. Na wewe nasikia alipokupigia simu umemjibu, "Mtakavyoamua wazee." Alfonsi, usinikasirishe. Wewe ndiye uliyefunga naye ndoa, si wazee.

Binti yangu Otilia anakusalimu, shemeji yako Gaudensi pia. Nisalimie Steven, mwenzako wa chumba.

Nimebakiza neno moja. Jana nilikuwa namsuka Monika wodini, akili imemtulia, akaniuliza polepole: "Wifi, Alfonsi ataniogopa?" Niliendelea kusuka tu. Jibu silo langu. Omba ruhusa kazini, uje umpe mwenyewe, kabla kikao hakijampa.

Mungu akushike mkono safari nzima.

Dada yako akupendaye,
Rozina